Mwalimu Alipoambiwa Aje na Mzazi

Sisi tuliopanga vyumba naye kwenye ploti ile ya Kanamkemer, hapa Lodwar, tulimjua Mwalimu kwa sauti kuliko kwa sura. Sura yake ilitoka asubuhi na mapema kwenda shule, ikarudi jioni imejaa vumbi. Sauti ilibaki. Chumba chake na changu vilitenganishwa na ukuta wa mbao, na kila jioni, sufuria yake ikiwa motoni, aliegemeza simu kwenye ndoo, akakohoa kama mtu anayeitwa kuhutubia, kisha akaanza: "Leo nimejifunza kwamba..."

Hiyo ilikuwa kazi ya chuo. Alikuwa mama anayesomea digrii ya pili, katika umri ambao walimu wenzake walikuwa wameanza kuulizana habari za pensheni. Msimamizi wake, Daktari mmoja wa huko Nairobi, alimtaka ajirekodi kila siku akieleza ni nini amejifunza na amejifunzaje, kisha amtumie. Mwalimu aliiita tafakuri. Sisi tuliiita taarifa ya habari.

"Leo nimejifunza kwamba mwanafunzi husikia ngoma kwa magoti kabla ya kuisikia kwa masikio."

"Na mimi leo nimejifunza kwamba ukuta huu ni mwembamba!" akajibu askari jela wa chumba cha tatu, ambaye alikuwa anataka kulala kabla ya zamu.

"Asante kwa mchango wako," Mwalimu akasema, akaendelea. Daktari huko Nairobi alipokea yote, pamoja na chafya za askari na mlio wa cherehani yangu.

Mimi ni fundi wa nguo. Nilimjua Mwalimu tangu nikiwa mtoto wa shule, yeye akiwa mwalimu wa ngoma, na baada ya mimi kuacha shule nikaendelea kumjua kama mteja. Kila mwaka yakikaribia mashindano ya muziki ya shule, aliniletea vitambaa vya watoto, na maneno mengi kuliko vitambaa. Watu humuuliza alitoka wapi. Alitoka Kenya, kama wazee wetu wanavyosema bado juu ya mtu yeyote aliyekuja kutoka upande wa Kitale, kana kwamba kwetu si Kenya. Aliletwa na serikali, akakaa. Mengine hakuwahi kunieleza, na mimi sikuuliza.

Nianze na mkono wake.

Mwalimu wa ngoma husimama akiwatazama watoto. Akitaka wainue mkono wa kulia, yeye huinua wa kushoto, ili wamwone kama mtu anavyojiona kwenye kioo. Mwalimu alifanya hivyo miaka mingi mpaka mwili wake ukasahau kwamba nje ya shule watu hawasimami mkabala naye. Akipanda bodaboda alisema, "Pinda kulia hapo," na mkono ukaonyesha kushoto. Waendeshaji wageni walipotea naye mpaka mtoni. Waendeshaji wa stendi yetu walikuwa wanafundishana mapema: "Yule Mwalimu, fuata mdomo. Mkono wake ni wa kazi."

Pili, alirekebisha watu. Hakuwa na ubaya. Alirekebisha kama mtu mwingine anavyojikuna. Alimrekebisha mhubiri namna ya kushika kipaza sauti, na ibada ilikuwa haijafika katikati. Alimrekebisha mama wa maji namna ya kuinua mtungi. Mtu akimsalimu "Ejok, Mwalimu," alijibu "Ejok," kisha akamwambia anyooshe mgongo. Mazungumzo naye yalikuwa ya upande mmoja, kwa sababu ukifika katikati ya sentensi alikuwa tayari ameona itakapoishia, akakumalizia.

Na ukitaka kumwona akihangaika, mfundishe kitu.

Kuna wakati alisema anataka kujifunza cherehani. Nikampa kitambaa kibovu, nikamwonyesha namna ya kukanyaga. Akakanyaga kidogo. Mteja wangu akaingia, mama wa Lokichar aliyetaka kupimwa gauni, nikageuka kumhudumia. Niliporudi, Mwalimu alikuwa amesimama kando ya cherehani, mikono kiunoni, akimweleza mama yule jinsi mguu wa fundi unavyopaswa kukaa.

"Mwalimu, umeshajua?" nikamuuliza.

"Nimeelewa kanuni."

"Sindano imekatika."

"Hiyo ni vitendo," akasema. "Vitendo vinafuata."

Pikipiki ilikuwa vilevile. Kijana aliyepewa kazi ya kumfundisha alirudisha pikipiki mchana huohuo, akaniambia, "Dada Akiru, huyu mama amenifundisha namna ya kufundisha. Lakini kuendesha hajui, na mimi sasa naogopa."

Sisi wasichana wa darasa la sita ndio tuliogundua siri yake mapema. Alipofika Lodwar alipewa watoto wa Kiturkana awafundishe edonga, ngoma yetu wenyewe, kwa ajili ya mashindano. Hakujua hata mguu mmoja. Asubuhi alituita watatu nyuma ya choo cha walimu, akasema, "Nionyesheni." Tukaruka, tukapiga makofi, tukamwonyesha shingo inavyokwenda. Mchana alisimama mbele ya shule nzima akatufundisha sisi watatu kile tulichomfundisha asubuhi, kwa sauti kubwa, na akaniambia mimi kwamba shingo yangu haiko sawa. Bibi yangu alikuja kutazama mazoezi siku moja, akakaa kwenye mchanga akicheka mpaka machozi. "Anawapanga kama mbuzi wa mnada," akasema. Lakini tulishinda. Tulikwenda mpaka Kitale, na huko nilikula chipsi kwa mara ya kwanza, kwa hiyo sina neno baya.

Hivyo ndivyo alivyojifunza kila kitu maishani. Alichukua kidogo, akageuka, akakifundisha, na katika kukifundisha ndipo kilipomwingia, kama kilimwingia. Daktari alipomuuliza kwenye simu, "Wewe mwenyewe unajifunza vipi?" tulimsikia kupitia ukutani akijibu bila kufikiri, "Kwa kufundisha."



"Basi utafiti wako ni huo," Daktari akasema. "Tafuta ngoma usiyoijua kabisa. Jifunze bila kufundisha mtu yeyote. Halafu niambie kilichotokea."

Siku hizo alizungukazunguka ploti kama kuku aliyefungwa mguu. Alikuwa na sababu ya kuitaka digrii ile, na alikuwa amenieleza mara nyingi, mimi nikiwa na pini mdomoni nisiweze kujibu. Chuo cha walimu kilitaka mtu wa kuwaandaa walimu wa ngoma wa kaunti nzima. Yeye alikuwa akiifanya kazi ile tangu wakubwa wa chuo wakiwa wanafunzi, lakini bila digrii ya pili hawakuruhusiwa hata kusoma barua yake. Wakati huo shule ilikuwa imempa likizo ya kusoma mpaka mwisho wa muhula, na chuo kikuu kilishamwongezea muda, kisha kikamwongezea tena, na safari hii kikamwambia imetosha. Asipomaliza, jina linaondolewa. "Nikirudi shuleni bila hii karatasi," aliniambia, "nitafundisha watoto kuruka mpaka goti linishinde, halafu wataniaga kwa keki."

Akachagua Kakuma.

Katika kambi ya wakimbizi ya huko, upande wa Kakuma Moja, kuna kikundi cha akina mama wa Sudan Kusini wanaocheza kanisani. Kiongozi wao ni Mama Nyandeng, mwanamke mrefu anayeuza samaki mkavu siku za kazi na kuongoza ngoma siku ya Jumamosi. Mwalimu aliwahi kuwaona katika sherehe fulani, akasema hajawahi kuona mabega yanayozungumza namna ile. Mama Nyandeng akakubali aje. Kila Jumamosi Mwalimu akapanda gari la kwanza la Kakuma, chupa ya maji mkononi, kitambaa kichwani, furaha tele.

Furaha ile ilidumu Jumamosi chache tu.

Kikundi kile kina desturi yake. Mgeni hachezi. Anasimama mstari wa nyuma, anafungwa mgongoni mtoto wa mmoja wa wachezaji, na kazi yake ni kumbembeleza wakati mama wa mtoto anacheza mbele. Hakuna anayemwonyesha kitu. Anakaa hivyo mpaka Mama Nyandeng atakapoona inafaa. Wote walipitia huko, hata Nyandeng mwenyewe, akiwa msichana, kabla vita havijawaondoa kwao.

Mwalimu alipopewa mtoto alimrudisha. "Samahani, mama. Mimi sikuja kulea, nimekuja kujifunza." Akaenda kusimama mbele, akimtazama Mama Nyandeng uso kwa uso, mahali ambapo mwalimu husimama. Nyandeng alipokwenda kulia, Mwalimu akaenda kushoto. Mstari mzima ulipogeuka kulia, yeye akageuka kushoto akamgonga mama mmoja, wakaanguka wote na ngoma ikasimama. Mtu mwingine angecheka, akaomba msamaha. Mwalimu aliinuka, akapangusa magoti, akasema tatizo ni mstari, haukupangwa vizuri. Akaanza kuwapanga. Akamshika Mama Nyandeng bega, akamsogeza.

Hayo sikuyaona. Niliyaona matokeo yake. Jumamosi hiyo alirudi mapema, na jioni ukuta ukawa kimya. Jumapili kimya. Jumatatu askari jela alibisha mlangoni kwangu kuuliza kama Mwalimu ni mgonjwa. "Silali," akasema. "Nimezoea taarifa."

Nikapeleka chai. Nilimkuta ameketi kitandani, viatu miguuni, simu imezimwa.

"Wamenifukuza, Akiru."

"Kwa nini?"

"Nimewaonyesha tu namna ya kupanga mstari."

Nilicheka. Ilinitoka. Yeye hakucheka, na hapo nikajua mambo yameharibika.

"Amesema nini hasa, huyo mama?"

"Ati nisirudi peke yangu. Nikitaka kurudi, niende na mtu wangu, mtu mkubwa wa kwetu, aongee naye. Umri huu! Mama yangu alishazikwa. Nitamwambia Daktari basi, jina liondolewe tu."

Sasa, mtu yeyote aliyekaa Lodwar anajua maneno hayo, kwa sababu kila shule huyasema. Mtoto akikosea, anaambiwa: kesho uje na mzazi. Nyumbani kwetu mzazi nilikuwa mimi. Baba alitangulia, mama akafuata, nami nikaacha shule darasa la saba kwa sababu kulikuwa na wadogo watatu nyuma yangu, na wa kwanza nilikuwa mimi. Wakati mdogo wangu Ekai alipopigana shuleni, akaambiwa aje na mzazi, nilijifunga leso ya mama nikaenda. Nilikuwa msichana mdogo. Walimu wengine ofisini waliangaliana wakaficha midomo. Huyu Mwalimu, ambaye ndiye alikuwa wa darasa la Ekai, alisimama, akanivutia kiti, akasema, "Karibu, mzazi. Tunaomba utusaidie na huyu kijana." Akaniita mzazi mpaka mwisho wa mazungumzo, akaniaga kwa mkono. Hakuwahi kulitaja tena. Akinikuta barabarani niliendelea kuwa Akiru wa kunyooshwa mgongo.

Kwa hiyo nilimwambia, "Gari la kwanza linaondoka saa ngapi?"

"La wapi?"

"Vaa vizuri Jumamosi. Nitaongea na huyo mama."

Nilingoja anirekebishe kitu, hata namna nilivyoshika kikombe. Akainama, akavua viatu.

Jumamosi hiyo nilijifunga leso. Njiani Mwalimu aliniuliza mara mbili nitasema nini, nikamwambia wazazi hawaulizwi. Tuliwakuta akina mama nje ya kanisa, kwenye kivuli cha ukuta, wengine wakisuka nywele, watoto wakilala juu ya vitambaa. Mama Nyandeng hakuinuka. Aliniangalia mimi, akamwangalia Mwalimu aliyesimama nyuma yangu mikono ikiwa mgongoni, kama mtoto aliyevunja dirisha.

"Wewe nani yake?"

"Mimi ndiye mzazi wake, mama."

Akina mama wakaanza kucheka, mmoja akaangusha kitana. Nyandeng mwenyewe alijizuia.

"Mzazi dogo namna hii, mtoto mzee namna hii!"

"Ndiye Mungu aliyenipa, mama."

"Mtoto yako anajua nini amefanya?"

"Anajua. Nyumbani tumeongea naye." Hatukuwa tumeongea, lakini ndivyo mzazi husema. "Ni mtu mzuri. Ana kichwa kigumu tu, tangu zamani, na tunamvumilia. Tunaomba mumpokee tena. Masomo yake yote yako hapa kwenu. Mkimfunga mlango, hana pengine."

Nyandeng akaacha kutabasamu alipoisikia hiyo. Akamwita Mwalimu kwa kidole, akaja mbele.

"Asikia," akamwambia. "Mimi hapana kataa wewe. Wewe umekuja na maji yako, na kitambaa yako, na mdomo yako. Mdomo unaacha kwa gari. Kalas, basi. Mtoto ya mtu unabeba mgongo. Mguu yangu hapana angalia kwa uso. Unakaa nyuma. Umeelewa?"

Mwalimu akafungua mdomo. Nikakohoa. Mdomo ukafungwa.

"Nimeelewa, mama," akasema.

Wakamfunga mgongoni mtoto mmoja mnene, mwenye kilio cha mbuzi. Nikakaa kando nikitazama. Ngoma ikaanza, Mwalimu akaanza kumbembeleza kwa hesabu, moja mbili tatu nne, nilimwona midomo ikihesabu, na mtoto akapiga kelele mpaka mbwa wakaitikia. Akabadilisha, akaharakisha. Kelele zikazidi. Mama wa mtoto huko mbele hakugeuka hata mara moja. Wakati wa kurudi Mwalimu alikuwa amelowa jasho na machozi ya mtu mwingine, na garini alilala kabla hatujatoka Kakuma.

Taarifa za habari zikarudi, lakini zikawa fupi. "Leo mtoto amelia." Jumamosi nyingine: "Leo mtoto amelia kidogo, halafu akanitapikia." Askari jela akaanza kufuatilia kama mpira. Akitoka zamu aliniuliza, "Mtoto amelala?" Nikasema bado. "Aah," akasema, akaenda zake ameudhika kweli.

Kulikuwa na hofu pia, na sitaki kuificha kwa kucheka. Muhula ulikuwa unakwisha. Daktari alisema lazima aje mwenyewe amwone akicheza, na Mwalimu alikuwa bado hajainua mguu. Wakati mwingine nilimsikia ukutani akitembea huku na huku chumba kile kidogo. Nilijua anataka kuwaambia wale akina mama, fanyeni haraka, nionyesheni, nina tarehe. Hakuwaambia. Kila Jumamosi aliacha mdomo kwenye gari kama alivyoagizwa.

Kisha jioni moja ndoo ikasogezwa, simu ikawekwa, akakohoa.

"Leo mtoto amelala," akasema. "Sijui nilifanya nini. Nilikuwa nimechoka, nikaacha kuhesabu. Nikawa nafuata tu mgongo wa Mama. Nilipogeuka nikakuta tumegeuka wote." Akakoroga sufuria. "Sijui. Nitawauliza... hapana, sitauliza. Nitarudi Jumamosi."

"Amelala!" askari jela akapiga ukuta. "Amelala, jamani!"

Daktari akajibu kesho yake kwamba rekodi hiyo ilikuwa ya kwanza aliyoisikiliza mara ya pili. Mwalimu hakuelewa kwa nini. Alinilalamikia kwamba zile ndefu zenye maneno ya maana hakuzisifu.

Nisije nikamfanya malaika. Alipoacha kurekebisha akina mama wa Kakuma, marekebisho yote yakahamia Kanamkemer. Wiki hizo mhubiri alipata shida. Mimi alinichunguza pasi, nyuzi, kivuli cha duka, na zaidi ya yote shule. "Akiru, kuna madarasa ya watu wazima pale karibu na soko. Mtu hachelewi kujifunza." Nikamwambia nina sketi za kushona. Nikamwambia wadogo zangu wote walimaliza, mmoja ni muuguzi huko Lokitaung, na kwangu hiyo ni cheti. Akasema si jambo moja. Nikasema najua. Hajaacha kuniambia, na mimi sijaacha kukataa, na nafikiri wote wawili tunapenda hivyo.

Siku Daktari alipokuja, mimi pia nilikwenda Kakuma, kwa sababu Mama Nyandeng alikuwa ameniagiza sketi mpya za kikundi. Daktari alifika amevua koti, kijana kuliko nilivyodhani, mwenye adabu, akiogopa jua. Wakamwekea kiti cha plastiki kwenye kivuli karibu nami. Alikuwa hajawahi kukutana na Mwalimu ana kwa ana. Alimjua kwa uso uliokwama kwenye simu kila mtandao ulipokatika, kwa kawaida mdomo ukiwa wazi.

Ngoma ikapigwa. Akina mama wakatoka wakiwa na sketi zangu, mistari mitatu, vumbi likainuka. Siwezi kueleza ngoma ile, mimi ni mtu wa edonga. Mabega yanakwenda kama maji yanayotaka kumwagika, halafu hayamwagiki. Daktari aliandika haraka, akiitikia kwa kichwa kwa kuridhika.

Baada ya muda akaniinamia. "Yule wa mstari wa kwanza, mwenye shanga nyekundu. Amejifunza vizuri sana."

"Yule ni Mama Nyandeng mwenyewe."

"Aa." Akakata alichoandika. Akatazama tena. "Basi yule mrefu, wa pili?"

"Hapana. Yule amezaliwa nayo."

Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Mwanafunzi wangu ni yupi?"

Nilimwonyesha. Alikuwa katikati ya mstari wa mwisho, hana mtoto mgongoni, maana Mama Nyandeng alikuwa ameona sasa inafaa acheze, amefunga macho nusu. Alikwenda na wenzake, akageuka na wenzake. Kuna mahali mguu wake ulichelewa, jirani yake akamsukuma kwa nyonga, akaingia tena mstarini, na ngoma ikapita. Daktari hakuandika kitu. Alikaa na kalamu mkononi mpaka mwisho.

Ngoma ilipokwisha, watu wakaanza kunywa maji. Daktari akainuka, akamfuata Mama Nyandeng, na mimi nikamfuata Daktari, kwa sababu mzazi haachi mkutano wa namna hiyo. Mwalimu alikuwa amesimama karibu na Mama, anahema, jasho limechora njia kwenye vumbi la uso.

"Mama," Daktari akasema, "naomba nikuulize wewe kama mwalimu wake. Huyu amejifunza?"

Nyandeng akamtazama Mwalimu kuanzia kichwani mpaka chini.

"Bado," akasema.

Kazi ya miaka yote ile, na barua ya chuo cha walimu, vilikuwa vimeingia ndani ya neno hilo moja. Nikamtazama Mwalimu usoni nikidhani nitaona mtu anayeanguka. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayesikia jambo analolijua.

"Mguu yake ya nyuma bado nzito," Nyandeng akaendelea. "Hapa, ona." Akapandisha sketi kidogo, akaanza kuonyesha kisigino kinavyoshuka. "Si hivi. Hivi. Bega inangoja mguu. Ona tena."

Mwalimu akainama kutazama kisigino kile.

Daktari akafunga makaratasi yake. Alikuwa anacheka, uso wote umefunguka. "Mimi nimeridhika," akasema kwa sauti. "Mwalimu, pokea mkono wangu. Kwa upande wangu umefau..."

Mwalimu akainua kiganja kumzuia, bila kugeuka.

"Ngoja kidogo, Daktari," akasema. "Mama hajamaliza."